Harub wa Nne

1

Asubuhi ya Jumatano, siku moja kabla Kampuni ya Filamu ya Nguru haijautangazia umma sura mpya ya Kapteni Harub, Daktari Restituta Kibasa alipanda ngazi za jengo la kampuni hiyo, nje kidogo ya mji wa Morogoro, akiwa na mkoba na fomu. Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Nane zilikuwa za watu wengine: mafundi, wanasheria, bima, hata mke wa mwigizaji. Ya tisa ilikuwa yake peke yake, na ilikuwa na swali moja tu. Je, mwigizaji anayeachia nafasi ameridhia kwa hiari yake mwenyewe?

Restituta hakuwa mtu wa filamu. Alikuwa daktari wa ubongo, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Iringa, aliyeajiriwa na serikali kukaa mbele ya watu na kuwauliza kama kweli wanataka kile wanachosema wanakitaka. Kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na tisa.

Gervas Lupembe alimsubiri chumbani, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Hakukuwa na haja ya kumtambulisha. Nchi nzima ilimjua, na nchi nyingine nyingi pia. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa Kapteni Harub, jasusi asiye na kwao, anayezungumza lugha kumi na moja na kuingia kokote bila kubisha hodi. Kabla yake walikuwapo wawili. Filamu zilikuwa zimefika kumi na sita katika muda wa miaka thelathini na minane, watu walikuwa wamezaliwa na kuzeeka wakizitazama, na Harub alikuwa yuleyule: hatua zilezile, namna ileile ya kugeuza kichwa kidogo kabla ya kujibu, kicheko kilekile kinachoanzia puani. Sura ndizo zilizobadilika.

"Tuanze, Bwana Lupembe," alisema Restituta, akamzunguka na kumbandika kipimo kisogoni.

Chini ya ngozi ya pale, kuenea hadi juu ya ubongo, ulikuwapo utando. Ulikuwa wa nyuzi nyembamba kuliko za buibui, na ndani yake alihifadhiwa Harub. Mwigizaji wa kwanza alipozeeka, watazamaji walimkataa aliyemfuata. Walisema anafanana naye lakini siye. Ndipo kampuni ikamwita tena mzee, ikampandikiza utando, ikamwacha aigize kwa mwaka mzima mpaka utando ukamjifunza Harub kama mtoto anavyojifunza kutembea. Kisha ukatolewa kwake ukapandikizwa kwa Salehe Mbwana, Harub wa pili, na baadaye kwa Gervas. Kila mmoja aliuongezea kitu. Mwongozaji akitamka neno la kuanzia, utando uliamka na Harub akasimama. Akisema basi, ulilala, na mwigizaji akaenda zake nyumbani.

Sheria ilisema hakuna ridhaa inayotolewa utando ukiwa macho. Taa ya kipimo ikiwa nyekundu, mahojiano yanaahirishwa. Restituta aliitazama. Ilikuwa ya kijani, imetulia.

Akauliza maswali yake ya mdomo, yale yanayotangulia lile moja la ukurasa wa tisa. Gervas aliyajibu moja baada ya jingine kwa sauti ya upole. Alisema goti lake la kulia limechakaa, hawezi tena kuruka kuta. Alisema anataka kurudi Njombe akafuge nyuki. Alimwuliza Restituta kama safari ilikuwa nzuri, akamtania kidogo kuhusu ngazi za jengo lile, na Restituta, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka kazini, alicheka.

Walipofika swali la saba alilisoma polepole, kama kawaida yake. Je, unafahamu kwamba kwa kuwa utando umeota ndani yako kwa miaka mingi, baadhi ya kumbukumbu zako mwenyewe zinaweza kuondoka nao?

Katika miaka kumi na tisa, Restituta hakukumbuka mtu aliyelipita swali hilo bila kusita. Waigizaji, wanamuziki, hata jaji mmoja mstaafu aliyekuwa na utando wa kumbukumbu za kesi, wote walimeza mate. Walimwomba alirudie. Waliuliza ni kumbukumbu zipi.

Gervas aligeuza kichwa kidogo. "Zinazoondoka ziondoke salama," alisema, na akatabasamu kama mtu aliyeulizwa kama anatumia sukari.

Kalamu ya Restituta ilikuwa tayari juu ya ukurasa wa tisa. Hakuandika. Alirudi nyuma akapekua, akaona kwamba ukurasa wa sita, unaotakiwa kuwa na maelezo ya mke, ulikuwa umeandikwa kwa penseli kwamba maelezo yatafuata. Akafunga fomu na kusema atarudi kesho. Mtayarishaji mkuu wa kampuni, Bi. Zamda Shekue, alimfuata hadi chini kwenye maegesho ya magari kumkumbusha kwamba waandishi wa habari wameitwa kwa saa kumi kesho jioni, kwamba kijana atakayekuwa Harub mpya yuko tayari, na kwamba maelezo ya mke hayajawahi kumzuia mtu. Restituta alikubaliana naye kwamba hayajawahi. Akawasha gari.

2

Nyumba ya Lupembe ilikuwa Kigurunyembe, miguuni pa mlima. Mkewe Domitila alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupika. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu aliyestaafu mapema, mwenye maneno machache yaliyopangwa vizuri. Alimkaribisha Restituta kiti, hakuacha kumenya, na akajibu maswali ya ukurasa wa sita kama anayesoma tangazo: ndiyo, wamezungumza kama mke na mume, ndiyo, anafahamu hatari, hapana, hana pingamizi.

Restituta aliandika. Alipomaliza, Domitila alimwuliza kama sasa atatia saini. Restituta alijibu kwamba bado hajui. Domitila aliweka kisu chini.

"Mume wangu hajui kudanganya," alisema. "Huwa anakwama. Maneno yanamwishia, anaanza kuangalia viatu. Huyu ninayeishi naye, mwaka wa tatu sasa, sijawahi kumkamata kwa neno hata moja."

Restituta alimweleza habari za kipimo na taa ya kijani. Alimweleza kwa heshima, maana wake wengi walimwambia kwamba mume amebadilika, na mara nyingi ilikuwa ni umri tu. Domitila alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama amewahi kutazama filamu ya kumi na tatu, ile ambayo Harub anakamatwa na kufungwa siku arobaini kwenye mashine inayosoma ubongo, na hakuna anachokisoma yeyote. Restituta alikuwa ameitazama. Basi kwa ajili ya filamu ile, alisema Domitila, Gervas alifanya mazoezi miezi mitano na mashine ya kweli, utando ukiwa macho, hadi mafundi wenyewe wakashindwa kusema ni lini Harub yuko macho na ni lini amelala. Walipiga makofi. Walifanya sherehe.

"Mlimfundisha wenyewe," alisema. "Sasa mnakuja na kijitaa chenu cha kijani."

Restituta aliiona mikono yake mwenyewe juu ya fomu, imetulia tuli. Utando haukuwa na hila. Ulijifunza kile ulichofundishwa, nao ulikuwa umefundishwa tangu mwanzo kujificha, kungoja, na kusema uongo bila kupepesa.

Aliuliza kwa nini basi Harub akubali kuondoka. Domitila alionekana kushangaa kwamba swali hilo linahitaji jibu. Ni goti, alisema. Goti limekwisha, na mwili wenyewe una miaka hamsini na minne. Kampuni ilipoleta picha za mazoezi ya yule kijana, Hashil, Harub alikuwa akizitazama hapo mezani kila siku baada ya chakula, kimya, kama mtu anayekagua kiwanja atakachojenga.

Kuna nyakati mume wake alirudi, Domitila aliendelea. Chache. Mwezi wa nne aliteleza kwenye kizingiti cha nyuma, goti likampata, na yale maumivu yalipomshika alisema maneno kwa Kibena, lugha ya kwao, ambayo Domitila haijui. Akamtazama. Ilikuwa ni Gervas aliyemtazama, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi hivi. Halafu akageuza kichwa kidogo na kusema hajambo.

"Kwa hiyo unataka nisitie saini," alisema Restituta.

"Nataka utie." Domitila aliokota kisu, akachukua ndizi nyingine. "Nataka atoke humu ndani. Hata nikiachiwa nusu ya mume, nusu hiyo nitajua ni ya nani."

"Na yule kijana?"

"Yule kijana ameomba mwenyewe. Gervas naye aliomba mwenyewe. Mimi ndiye sikuomba."

Restituta aliondoka bila kuahidi. Aliegesha gari kando ya barabara, mbele ya duka la mbolea, akafungua kumbukumbu za ofisi kwenye simu yake. Alitafuta mahojiano ya Salehe Mbwana, ya miaka kumi na moja iliyopita. Aliyafanya yeye mwenyewe, enzi kipimo cha taa hakijaanza kutumika, na ukurasa wa tisa aliutia saini yeye mwenyewe. Baada ya utando kutolewa, Salehe aliishi miaka minne barazani kwa dada yake huko Pangani, akilishwa, hajui jina lake. Kampuni ilisema ni kiharusi, na ripoti ya hospitali haikusema vinginevyo. Restituta alikwenda kumwona mara mbili. Hakumwambia mtu.

Akasogeza sauti hadi swali la saba. Alijisikia akilisoma, bado kijana kidogo, sauti yenye haraka. Kisha sauti ya Salehe, ya upole, yenye kicheko puani.

"Zinazoondoka ziondoke salama."

3

Alhamisi asubuhi alikwenda kumtafuta kijana. Hashil Pongwe alikuwa peke yake kwenye ukumbi wa mazoezi, anatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Kijana wa Tanga, miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye macho makubwa yaliyokuwa tayari kumwamini mtu. Alikuwa akijifunza kutembea kama Harub, ingawa kila mtu alimwambia haina haja, utando utatembea wenyewe. Alisema anataka kuukaribisha vizuri.

Restituta alimweleza yote. Hakupamba wala hakupunguza. Alimweleza juu ya Salehe barazani, juu ya Gervas na goti lake, na juu ya jibu moja lililotoka katika vinywa viwili. Hashil alisimama kusikiliza, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alipoulizwa kama ameelewa, alisema ameelewa. Alisema pia kwamba katika mahojiano yake mwenyewe, aliyofanyiwa mwezi uliopita na daktari mwingine, alijibu ukweli mtupu na hakuna utando kichwani mwake wa kumsemea.

"Mimi nimecheza jukwaani miaka minane, Daktari," alisema. "Watu wakitoka nje wanaulizana yule alikuwa nani, na hakuna anayejua. Kama ni kweli yuko hai, mimi nitakuwa nyumba ya mtu mkubwa. Kuna watu wanaishi bila kuwa hata nyumba."

Restituta alimwambia kwamba nyumba haiulizwi inataka nini. Hashil alitikisa kichwa kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. Aliendelea kutembea hata kabla Restituta hajaufikia mlango.

Alikaa kwenye ngazi za nje. Mke anataka atie saini. Kijana anataka. Kampuni inataka. Yule aliyeketi kwenye kiti cha Gervas anataka kuliko wote. Mtu pekee ambaye sheria ilimtaka aulizwe ndiye ambaye hajaulizwa, na kila swali kwa Kiswahili lingempitia mlinzi kabla ya kumfikia mfungwa.

Hapo ndipo alipokumbuka ukurasa mmoja wa kitabu cha mafundi. Harub hana kwao. Ndivyo alivyoandikwa tangu filamu ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kupandikiza, mafundi huifungia nje ya utando lugha ya kwanza ya mwigizaji, lafudhi ya nyumbani isije ikavuja kwenye maneno ya Harub. Gervas alikuwa Mbena. Mke wake Mhaya, jirani zake Waluguru, mama yake alikuwa amefariki. Pengine miaka miwili au zaidi ilikuwa imepita bila mtu kukaa naye na kumwongelesha kwa Kibena. Kama alikuwa amebaki na chumba kimoja ndani ya nyumba yake, kilikuwa hicho.

Na Restituta alikuwa Mhehe wa Kalenga. Lugha zao zinasikilizana kama ndugu wawili walioishi vijiji jirani.

4

Bi. Zamda alimpa nusu saa. Gervas alikuwa amevaa suti ya tangazo tayari, ya kijivu, na alimpokea Restituta kwa uchangamfu. Restituta alibandika kipimo, taa ikawaka kijani. Akawasha kinasa sauti kama sheria inavyotaka. Akakaa karibu zaidi ya kawaida, akamsalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene," alisema.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Lile tabasamu lilibaki mahali pake. Kisha likabaki kwa muda mrefu mno, kama taa iliyosahauliwa mchana, na chini yake uso ulianza kulegea. Mabega ya suti yalishuka. Mkono wa kulia ulikwenda ukalishika goti.

"Kamwene," alijibu Gervas Lupembe.

Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu wa kijijini anayesalimia kwa mbali. Restituta alimwuliza kwa Kihehe kama anajua yuko wapi, naye akajibu kwa Kibena kwamba anajua, kwamba anasikia vipande tu, kama mtu aliyelala chumba cha nyuma akisikia wageni sebuleni. Wageni hawaondoki. Aliuliza leo ni tarehe ngapi. Alipoambiwa, akauliza kama mama yake hajambo.

Restituta alikuwa amesoma faili. Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Picha za mazishi zilitoka kwenye magazeti, Gervas akilia juu ya kaburi, na watu wengi waliguswa. Alimwambia. Gervas aliinama. Hakulia. Aliuliza tu nani alimwaga udongo wa kwanza, na Restituta akamwambia kwamba ni yeye mwenyewe, Gervas.

"Sikuwepo," alisema Gervas.

Muda ulikuwa unakwenda. Restituta akauliza swali la ukurasa wa tisa, kwa maneno ya nyumbani, bila ya sheria ndani yake. Unataka atoke kwako aende kwa mwingine?

Gervas alitafuta pumzi. Akasema hapana. Alisema akimwachia, yule atakwenda kwa huyo kijana, na baada ya miaka kumi kwa kijana mwingine, na kila mmoja atakaa chumba cha nyuma mpaka chumba kiishe. Yeye mwili wake umechoka. Goti bovu, na moyo nao una matatizo yake. Abaki naye hapahapa. Siku atakapokufa, wafe wote wawili, yaishe.

Restituta alimwambia juu ya Domitila. Kwamba amechoka, kwamba anamtaka mumewe, hata nusu yake. Hapo ndipo macho ya Gervas yalipojaa. Alilisugua goti.

"Mwambie lile koti la bluu," alisema mwishowe. "Nilimwambia limeibwa kwenye basi. Nililisahau kwenye treni. Mwambie ilinishinda kusema."

Restituta alikuwa akitabasamu bila kujua. Alimwuliza kitu kingine, kuhusu nyumba yao Njombe, ili tu aendelee kuisikia sauti ile, na Gervas akaanza kumweleza juu ya mto na daraja la magogo. Akaanza sentensi. Hakuimaliza.

Aligeuza kichwa kidogo.

"Nimeridhia," alisema.

Alisema kwa Kibena. Neno lilitoka na kasoro, limevutwa mahali pasipovutwa, kama la mgeni. Akalisikiliza mwenyewe. Akalirudia, na safari hii lilikuwa sawasawa. Kisha akacheka, kicheko kidogo, kilichoanzia puani.

Restituta alielewa kabla hajaambiwa. Mafundi waliifunga lugha ile kutokea nje. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliye ndani akiitwa kwa upendo atafungua mwenyewe, na atauacha mlango wazi wakati anazungumza. Kwa dakika ishirini utando ulikuwa umekaa hapo, kijani, umetulia, unajifunza.

"Nakushukuru sana, Daktari," alisema Harub kwa Kiswahili chake safi. "Nilijua kuna chumba. Kwa miaka kumi na moja sikuuona mlango."

Restituta alichukua kalamu. Kwenye ukurasa wa tisa akaandika: Hakuridhia. Akatia saini, akaandika tarehe na saa.

Harub alimtazama akiandika bila hasira yoyote. Alimkumbusha kwa upole kwamba kinasa sauti kimerekodi ridhaa yake mara mbili, na kwamba mahojiano kwa lugha isiyo kwenye fomu yanaweza kumgharimu leseni. Restituta alisema anajua. Harub alitaka kujua zuio ambalo msajili wa serikali huliweka kwa jibu kama hilo linadumu muda gani.

"Miezi sita. Kisha daktari mwingine."

"Miezi sita," alirudia, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akaupapasa kama mtu anavyompapasa punda mzee. "Nimewahi kungoja zaidi, mahali pabaya zaidi."

5

Tangazo la saa kumi halikufanyika. Bi. Zamda aliwaambia waandishi kwamba kuna taratibu chache hazijakamilika, na Ijumaa mchana barua ya kumsimamisha Restituta kazi kwa uchunguzi ilikuwa imefika ofisini kwake. Hashil Pongwe alimtumia ujumbe mfupi usio na matusi. Alisema atangoja.

Jumamosi asubuhi Restituta alirudi Kigurunyembe. Hakuna aliyemtuma. Domitila alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua maharage kwenye ungo. Alikwisha sikia habari ya zuio. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Restituta aliketi kwenye ukingo wa mkeka.

Alimweleza yote kwa mpangilio. Alimweleza kwamba alizungumza na Gervas, Gervas mwenyewe, na alichokisema: kwamba Harub abaki ndani yake mpaka mwisho. Vidole vya Domitila viliendelea kutenga maharage mabovu. Alimweleza habari ya koti la bluu.

Vidole vikasimama. "Kwenye treni?" aliuliza Domitila.

"Alisema ilimshinda kusema."

Domitila alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikamponyoka, na kabla hakijaisha uso ulikuwa umekunjamana na alikuwa akilia, mkono mmoja mdomoni, ungo ukiwa umeinama na maharage yakimwagika mapajani. Miaka kumi na minane, alisema. Alimsumbua kondakta wa watu kwa koti lile. Aliandika barua. Akafuta macho kwa ncha ya kanga na kuuliza kama anaweza kujifunza Kibena, hata maneno machache tu, ya kumsalimia mumewe asubuhi.

Restituta ilimbidi amwambie lililobaki. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyeufungua mlango, kwamba mwingine aliingia, na kwamba hajui kama Gervas bado ana mahali pa kukaa. Alisema bila kujitetea. Alisema angetoa chochote kuirudisha ile nusu saa, ingawa alijua wakati anasema kwamba bila nusu saa ile asingeandika neno aliloandika.

Nyuma yao mlango wa jikoni ulifunguliwa. Gervas alitoka akichechemea, amevaa fulana ya nyumbani na malapa, ana jembe dogo la bustani mkononi. Alipomwona Restituta uso wake ulifunguka.

"Kamwene," alisema.

Hakuishia hapo. Alimsalimia kama watu wa kule wanavyosalimiana, kwa urefu, akiuliza habari za nyumbani, za watoto, za mashamba, za wagonjwa, za safari, kila neno mahali pake, sauti nzito na ya taratibu. Alimwambia mama yake angefurahi kumpokea mgeni wa Kihehe. Macho yake yalilowa kidogo alipomtaja mama. Kisha akalishika goti lake, akasimama, akangoja kuitikiwa.

Domitila alikuwa amemkazia macho Restituta, akitafuta usoni mwake kile ambacho masikio yake hayakuweza kumpa.

"Amesema nini?"

"Amenisalimia."

"Ni yeye?"

Restituta alimtazama mwanamume yule. Alitazama mkono kwenye goti, mabega, pembe za mdomo. Alitafuta kasoro moja, neno moja lililovutwa pasipovutwa, na hakuipata. Alitafuta pia kitu cha kumhakikishia, na hicho nacho hakukiona. Kichwa cha Gervas kilikuwa kimenyooka, hakijageuka upande wowote.

Domitila alirudia swali lake, polepole zaidi. Na katika wote watatu pale uani, aliyekuwa akilisubiri jibu kwa makini zaidi ni yeye, mwenye jembe mkononi.